Irabu Fupi za Kiingereza: Tazama Herufi Inayofuata

Kiswahili kimetudekeza. Irabu tano, sauti tano, basi. Kiingereza kina herufi hizo hizo tano, lakini matamshi sanifu ya Uingereza yana sauti za irabu zipatazo 20. Fupi ni saba, na hizo ndizo zinazotuumbua.

1. Usikwame kwenye irabu, tazama kinachoifuata. Irabu moja ikifungwa na konsonanti mwishoni, mara nyingi ni fupi: hat, sit, hop, cut. Ongeza e bubu, na irabu ya kati itaitwa kwa jina lake la alfabeti: hate, site, hope, cute. Hiyo e yenyewe haitamkwi kamwe.

2. Heshimu konsonanti pacha. Hoping ni kutumaini. Hopping ni kurukaruka kwa mguu mmoja. Dinner ni chakula cha jioni. Diner ni mtu anayekila. Pacha hao hawatamkwi mara mbili. Kazi yao ni kuilinda irabu ibaki fupi, ndiyo maana run huzaa running na stop huzaa stopped. Ulinzi huo huo hufanywa na ck, tch na dge: linganisha back na bake, kisha duck na duke.

3. Hat, hut na heart ni watu watatu. Kwa wengi wetu yote hutoka kwa a moja. Hut ndiyo iliyo jirani na a yetu, ila ikate upesi. Kwa hat, achama kama wa kusema a, halafu sukuma ulimi mbele kana kwamba unaitaka e. Heart ni ndefu, kama saa ya ukutani, na kwa matamshi ya London r yake haisikiki.

4. Ship si sheep. Urefu peke yake hautoshi. I ya Kiswahili iko karibu zaidi na ile ya sheep, kwa hiyo ukiitumia kwenye ship, umewapakia abiria kwenye kondoo! Legeza ulimi, ushushe kidogo. Jaribu pia I live here: ukiivuta ile i, mwenyeji wako atadhani unaaga.

5. Funga mlango. Bed iishie kwenye d, bila i ya nyongeza. Buku na benchi tuziache nyumbani.

6. Zipo o zinazojifanya. Son, love, come na monkey zina sauti ya cup. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wanakili wa zama za kati waliandika kwa vistari vya wima, na u ikikaa karibu na m, n au v vistari vilichanganyikana, wakaamua kuweka o. Have na give nazo zina e kwa sababu Kiingereza hakipendi neno liishie kwa v. Put na but? Hapo kariri tu. Kaskazini mwa Uingereza wapo wazawa wanaozitamka kwa irabu moja, na hakuna anayewasahihisha.

7. Ile ya saba imeze. Sisi banana tunaipa a tatu kamili, kama neno letu. Mwingereza huipa nguvu ya kati peke yake; za pembeni huzimung'unya. Ni sauti hiyo hiyo mwanzoni mwa about na mwishoni mwa teacher, kwa hiyo haina herufi yake maalumu. Kwenye kamusi utaitambua kwa e iliyopinduliwa, ə.