SOMO KWA MAKATIBU WA VYAMA: KUUNGA RAUTA NYUMA YA MODEMU

Katika ofisi nyingi za vyama vya msingi, modemu ya kampuni ya simu ndiyo mlango wa mtandao. Kwa mlango huo Chama hutuma taarifa zake katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU) wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kwa mlango huo huo, usipofungwa vizuri, orodha ya wanachama na malipo yao yaweza kuangukia mikono isiyohusika. Somo hili lamfaa Katibu ambaye Chama chake, kiwe Issenye au kwingineko, kina modemu tayari na kimenunua rauta ili mtandao ufike ghalani na kwenye mizani. Nyumbani pia utaratibu ni huu huu.

Makarani wawili, kazi moja

Modemu hupokea mtandao kutoka kwa kampuni. Rauta huugawa kwa kompyuta na simu, na kila kimoja hukipa namba yake iitwayo anwani. Lakini modemu nyingi za siku hizi zina rauta ndani yake. Hivyo Chama kinachoongeza rauta ya pili huwa kimeweka makarani wawili kwa kazi moja.

Makarani hao wakipewa vitabu vya stakabadhi vyenye namba zile zile, mkulima aliyeleta pamba atalipwa kwa kitabu cha nani? Ndivyo inavyokuwa modemu na rauta zote zikitumia anwani 192.168.1.1. Taa zinawaka, mtandao haupatikani, na Katibu hudhani kifurushi kimekwisha.

Yafaa ieleweke kwamba yalitengwa mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani, mojawapo likiwa lile linaloanza na 192.168. Ofisi ya Issenye na ofisi ya Mugumu zaweza kutumia namba ile ile bila kugongana, kama ambavyo kila chama kina stakabadhi yake Na. 1. Kosa ni namba hiyo kurudiwa ndani ya ofisi moja.

Hatua za kufuata

1. Soma kibandiko kilicho chini ya kila chombo. Andika anwani yake na neno la siri la kufungulia mipango yake.

2. Kabla ya kuviunga, washa rauta peke yake, unga kompyuta na ufungue mipango ya rauta. Ikiwa modemu ni 192.168.1.1, ipe rauta 192.168.2.1, kisha uhifadhi.

3. Chomeka waya kutoka tundu la kawaida la modemu hadi tundu la rauta lililoandikwa WAN. Aghalabu tundu hilo lina rangi ya pekee.

4. Washa modemu kwanza. Ikishapata mtandao, washa rauta. Umeme ukikatika na kurudi, fuata mpango huo huo.

5. Tazama anwani ya kompyuta. Ikianza na 192.168.2, imeungwa kwa rauta ipasavyo.

Kwa barua, MUVU na malipo, mpango huu watosha. Lakini Chama kinachotaka kuitazama kamera ya ghala kutoka mbali chaweza kukwama, kwa kuwa mgeni wa nje hukuta mabawabu wawili. Hapo fundi aulizwe kama modemu yaweza kuwekwa katika hali ya daraja, yaani ipitishe mtandao tu na kazi ya kugawa anwani iachiwe rauta.

Kufuli na funguo

Kompyuta ya Chama iungwe kwenye rauta. Wageni, wakiruhusiwa, watumie waifai ya modemu yenye neno lake la siri. Hivyo mgeni hubaki uani, na daftari hubaki chumbani.

Hata hivyo, maneno ya siri ya kiwandani hayana budi kubadilishwa katika vyombo vyote viwili. Anayeishika modemu ameishika njia yote ipitayo humo. Waifai iwekwe ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Maneno mapya yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa, na kuwekwa ndani ya kasha la fedha. Katibu anapoondoka, yaingizwe katika hati ya makabidhiano pamoja na funguo na mihuri, kisha yabadilishwe. Fundi asiachwe kuwa mtu pekee ayajuaye, kwani siku asipopatikana, Chama kitasimama nje ya mlango wake chenyewe. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka kila anayetunza taarifa za watu azilinde. Mwanachama aliyetoa jina lake na namba ya simu ameliweka jambo hilo mikononi mwa viongozi wake.

Maswali ya kujadili

1. Nani leo anayajua maneno ya siri ya modemu ya Chama chenu?

2. Yalibadilishwa lini, na kwa idhini ya nani?

3. Katibu akihama kesho, mrithi wake atayapata wapi?