Ukiingia Duka la Bangi Ughaibuni, Soma Namba Kabla ya Jina

Kwetu Kipini, pwani ya Kenya, hakuna duka la bangi. Sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya, ya mwaka 1994, imeiweka bangi kundi moja na heroini, na msokoto mmoja mfukoni unatosha kukulaza seli. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliandaa mswada wa kuihalalisha mwaka 2018. George Wajackoyah akaifanya sera kuu ya kampeni yake ya urais 2022. Watu wakacheka, wengine wakampa kura, uchaguzi ukapita na sheria ikabaki palepale.

Kwa hiyo mtu wa kwetu aliyewahi kuionja bangi ameionjea gizani. Alipewa karatasi iliyosokotwa, na nguvu yake aliijua baada ya kuvuta, kama aliijua. Mtu huyo huyo akipata viza, akafika kwa binamu yake Toronto au Minneapolis, anakuta duka lina taa kali na vioo kama duka la dawa, na muuzaji kijana anamuuliza kwa adabu anataka aina gani. Swali linalomtoka mdomoni ni la kule kule nyumbani: ipi kali?

Hilo ndilo swali la kuacha uwanja wa ndege wa Nairobi. Anayeanza huuliza ipi dhaifu kuliko zote.

Lakini kabla ya kufika kwenye kioo, tazama karatasi zako. Canada iliruhusu bangi nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018, na mgeni mwenye umri unaotakiwa hununua kama mwenyeji: miaka 19 katika majimbo mengi, 18 Alberta, 21 Quebec. Marekani ni habari nyingine. California imeruhusu, Minnesota iliruhusu mwaka 2023, na majimbo mengine mengi, ila serikali kuu ya Washington haijaruhusu, na mambo ya uhamiaji yako mikononi mwa serikali kuu. Asiye raia akikiri mbele ya ofisa kwamba ametumia bangi, hata kama aliinunua dukani na risiti anayo, anaweza kunyimwa kuingia nchini au kukwamishiwa uraia. Mwaka 2019 idara ya uraia ilitoa mwongozo unaosema hata kufanya kazi katika biashara hiyo iliyo halali jimboni kunaweza kumharibia mtu ombi la uraia. Ikiwa bado unasubiri karatasi Marekani, ushauri wangu ni mfupi: duka lile lipite kwa mbali. Usipige picha mlangoni pake ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana simu nazo hukaguliwa mpakani.

Na kazi. Watu wengi wa Afrika Mashariki Marekani wanaendesha malori makubwa. Dereva wa lori hupimwa mkojo kwa kanuni za serikali kuu, na tangu Januari 2020 anayekutwa na bangi huandikwa kwenye daftari la taifa ambalo kila mwajiri lazima alitazame. Mabaki ya bangi hukaa mwilini siku kadhaa, na kwa mtumiaji wa kila siku huweza kukaa wiki kadhaa baada ya ulevi kuisha. Kusema nilitumia mafuta ya CBD tu, yale yasiyolewesha, hakukubaliwi kuwa udhuru. Leseni iliyolipiwa kwa mkopo haifai kuchezewa kwa jioni moja.

Haya, tuseme uko Canada, karatasi ziko sawa, kazi yako haikupimi, na umeamua. Mlangoni utaombwa kitambulisho, pasipoti inatosha. Ndani utaona majina ya kila namna, yametungwa kumvutia mnunuzi: ya matunda, ya keki, ya wanyama, ya milima. Yapuuze. Jina moja likiuzwa na wakulima wawili linaweza kubeba bidhaa mbili zisizofanana. Vilevile usijifunge sana na yale maneno mawili utakayosikia, sativa na indika, eti moja inachangamsha na nyingine inalaza. Ni majina ya wataalamu wa mimea wa karne ya 18, Linnaeus 1753 na Lamarck 1785, waliokuwa wakipanga mimea na hawakuwa na habari ya usingizi wa mtu. Mmea wa leo umechanganywa mbegu mara nyingi kiasi kwamba maneno hayo hayakwambii mengi juu ya kitakachokupata.

Kinachokwambia ni lebo. Tafuta herufi THC, kemikali inayolewesha, na CBD, ambayo haileweshi. Kwenye ua kavu, baadhi ya lebo za Canada huonyesha THC mara mbili: namba ndogo, kisha namba ya jumla. Ile ndogo ni iliyopo sasa hivi. Ya jumla ni itakayokuwepo baada ya moto kuligusa ua, kwani sehemu kubwa ya nguvu huamshwa na joto. Soma ya jumla. Wengi husoma ile ndogo wakadhani wamepata kitu chepesi. Ikiandikwa kwa miligramu kwa gramu, 100 maana yake ni asilimia 10. Wizara ya afya ya Canada humshauri anayeanza asizidi hiyo asilimia 10, na CBD iwe sawa na THC au iizidi. Utaona rafu nyingi zimejaa asilimia 20 na zaidi, kwa kuwa wateja wa kila siku hununua ukali. Bangi iliyokamatwa na polisi wa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na wastani wa asilimia 4 hivi. Yaani hadithi za mjomba aliyevuta ujanani na hakuona kitu hazikuhusu. Yeye alivuta kitu kingine.

Harufu nayo ina maana, ingawa si kubwa kama wauzaji wanavyoipamba. Mafuta yanayonukisha bangi ni yale yale yanayonukisha jikoni kwetu. Yapo yaliyomo kwenye embe, yapo ya ganda la limau, yapo ya rehani, na yapo yanayopatikana kwenye karafuu na pilipili manga. Duka likiruhusu kunusa, nusa. Harufu inayokuchefua dukani itakuchefua zaidi nyumbani. Ila usimwamini anayekuapia kuwa harufu fulani inatibu ugonjwa fulani. Muuzaji si daktari, hata akiwa mpole namna gani.

Kisha umbo lake. Hapa ndipo wageni wengi huumia. Moshi hupanda kwa dakika chache na hushuka kwa saa chache, kwa hiyo anayevuta anaweza kupiga pafu moja, akaweka chini, akajisikiliza. Ubaya wake ni kifua, na mwenye pumu hana haja ya kuambiwa. Peremende, biskuti na chokoleti haziumizi kifua, ila zinapita tumboni na kwenye ini kwanza. Huchukua nusu saa hadi saa mbili kabla mtu hajasikia chochote, hufika kileleni hata baada ya saa nne, na zinaweza kukaa naye saa kumi na mbili. Mgeni hula kipande, anangoja dakika arobaini, anasema hii ni sukari tu, anaongeza cha pili na cha tatu. Vyote vitatu humpandia pamoja.

Canada pakiti nzima ya vyakula hivi hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC. Anayeanza ale miligramu 2.5 au chini ya hapo, yaani robo ya peremende ya miligramu 10, kisha asiongeze tena usiku huo hata akiona hajapata kitu. Marekani pakiti moja inaweza kubeba mara kumi ya hizo, kwa hiyo huko soma ya pakiti na ya kipande kimoja kimoja. Mafuta mazito na nta zinazofika asilimia 70 au 80 wala usiziulizie bei.

Wapo ambao jibu lao ni hapana hata duka likiwa halali: mjamzito na anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa moyo, na kijana ambaye ubongo wake bado unakomaa. Aliye na ndugu wa damu aliyewahi kurukwa na akili asijaribu kabisa. Familia zetu huyaficha mambo haya, basi muulize bibi kabla hujasafiri, kwa kuwa bangi kali inaweza kuamsha ugonjwa huo kwa mwenye asili nao. Anayemeza dawa za kifafa au warfarini ya kuzuia damu kuganda azungumze na mfamasia kwanza, kwani hata CBD isiyolewesha huingilia dawa hizo.

Usiku wa kwanza uwe nyumbani, umeshakula wali wako, pamoja na mtu mmoja unayemwamini ambaye hatumii. Usichanganye na pombe. Usiendeshe gari hadi kesho yake. Kama kuna watoto, pakiti ikae juu na ifungwe, kwa sababu peremende ile mtoto haioni tofauti na nyingine. Mtoto akiila, piga 911 usingoje. Wewe mwenyewe ukizidiwa, moyo ukakwenda mbio na hofu ikakujia kwamba unakufa, kaa au lala ubavu, kunywa maji, mwambie mwenzako akae karibu na kukukumbusha ni saa ngapi. Mara nyingi hupita kwa kungoja. Maumivu ya kifua, kutapika kusikokoma au kuona na kusikia visivyokuwepo ni vya hospitali, na daktari aambiwe ukweli wa ulichokula.

Mwisho ni begi. Bangi iliyonunuliwa kihalali Canada haivuki mpaka wowote wa nchi, hata ule wa kuingia jimbo la Marekani lililoiruhusu. Ndege nyingi za kurudi nyumbani hupitia Dubai au Doha, ambako sheria ni kali na mafuta ya CBD nayo huleta matatizo. Kabla ya safari ya Nairobi geuza mifuko ya jaketi nje, kagua mfuko wa dawa na sanduku la zawadi, na umuulize binamu aliyekufungia mzigo amekutilia nini ndani.