Maji ya ziwa yanachemka kwa nyuzi ngapi?

SWALI: Nafundisha fizikia kidato cha pili, Mwanza. Wanafunzi wanakariri vizuri, ila swali likigeuzwa kidogo wanakwama. Nitawafundishaje kujua wasichokijua? – Mwalimu, Ilemela

JIBU: Mwalimu, anza na sufuria ya maji. Kabla ya kuwasha jiko, kila mmoja aandike maji yatachemka kwa nyuzi ngapi, na ana uhakika kiasi gani. Wengi wataandika 100, bila shaka yoyote. Kisha tumbukiza kipimajoto. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Dar es Salaam, na maji huchemka karibu nyuzi 96.

Usikimbilie kueleza. (Najua, silabasi inakusukuma.) Waulize: hiyo 100 mliipima au mliikariri? Ni maneno gani ya kitabu mliyaruka? Waandike kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Atakayesingizia kipimajoto kibovu, mwache athibitishe kwa barafu inayoyeyuka. Huyo tayari anafikiri.

Wala asichekwe mtu. Mwanafunzi Erasto Mpemba alipoona mwaka 1963, shuleni Magamba, mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa, alidhihakiwa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne walichapisha utafiti wao, na wanasayansi wangali wanabishana.

Wiki hii, alama zako zitoe kwa anayeeleza vizuri kwa nini alikosea.