Mnemba: Ya Kufanya na Kutofanya Juu ya Matumbawe

Boti za kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, huondoka Matemwe, Muyuni na Nungwi asubuhi, na nyingi hufika mwambani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo masharti haya ni makali. Yasome kabla ya kupanda, si ukiwa umeshalowa.

FANYA

Muulize nahodha habari za maji kabla hujatoa pesa. Siku za bamvua mkondo hukimbia mno pembezoni mwa mwamba, na maji yakipwa sana matumbawe yanakaribia kukugusa tumbo. Akikujibu "hakuna matata" na asiseme zaidi, tafuta nahodha mwingine.

Jaribu miwani ya kuzamia ufukweni. Ibandike usoni bila kuvuta mkanda, kisha ingiza pumzi kwa pua. Ikidondoka, si saizi yako. Masharubu huivujisha. Ukingo wa ushungi ulionaswa chini ya mpira huivujisha pia.

Vaa jaketi okozi kama huogelei vizuri. Aibu iache sokoni Darajani.

Jikinge jua kwa nguo: fulana ya mikono mirefu, au burkini. Mafuta ya kukinga jua yenye kemikali ya oksibenzoni yaache nyumbani. Palau iliyapiga marufuku mwaka 2020 na Hawaii ikazuia kuuzwa kwake mwaka 2021, zikihofia matumbawe yao. Haya yetu yana mzigo wa kutosha tangu joto la bahari la 1998 lilipoyapausha na kuua mengi.

USIFANYE

Usisimame juu ya matumbawe. Hata kidogo, hata kwa ncha ya kidole. Hapa ndipo wageni wanapoharibu zaidi, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: maji yameingia kwenye miwani, mtu anatafuta pa kukanyaga ili aitengeneze. Anachokiona ni jiwe. Lile jiwe lina ngozi hai, nyembamba mno, ya vidudu vilivyoshikana maelfu kwa maelfu. Yale ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, na yale ya matawi hukatika kwa teke moja la pezi. Maji yakiingia, lala chali, elea, yamwage hapohapo. Kama huwezi kulala chali, rudi botini ukajifunze kwanza.

Usipige mapezi ukiwa wima. Unatimua mchanga, nao ukitua juu ya matumbawe unayaziba.

Usimpandishe kiti cha pweza botini kwa ajili ya picha. Hupumua kupitia vijinyama laini vya ngozini, navyo havifanyi kazi nje ya maji. Baharia akikuletea mmoja mkononi, kataa kwa sauti ili na wenzako wasikie. Hawa mabaharia hufanya hivyo kwa sababu wageni hushangilia na kutoa bakshishi.

Usimsogelee kikande mkubwa anayelinda mayai. Huuma kweli. Eneo analolilinda hupanuka kuelekea juu, kwa hiyo kupanda juu hakukusaidii. Ondoka kwa ubavu.

Usiwarukie pomboo. Boti sita zikiwazingira, kazi ya nahodha wako ni kuondoka, na kazi yako ni kutomhimiza.

Usiwape samaki mkate wala maganda ya ndizi.

Usikubali nanga itupwe juu ya mwamba. Boti ifungwe kwenye boya, na kama maboya yamejaa isubiri, au itie nanga palipo na mchanga mtupu.

Usiokote kombe, na usilinunue ufukweni kwa kisingizio kwamba limeshakufa. Aliyekuuzia atazamia jingine kesho. Matumbawe magumu na makombe makubwa yamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka kunataka kibali. Forodhani hutaulizwa kama ulijua.