Puto la Hali ya Hewa na Somo Lake kwa Shule za Githongo

Mwezi wa Januari 2018, puto kubwa la plastiki lilianguka katika eneo la Nthambiro, Igembe ya Kati, na watu wakamiminika kulitazama. Lilikuwa mojawapo ya maputo ya mradi wa Loon, yaliyokuwa yakijaribiwa kubeba mitambo ya intaneti umbali wa kilomita 20 hivi juu ya ardhi. Miaka miwili baadaye, Julai 2020, huduma hiyo ilianza rasmi nchini, na mapema mwaka wa 2021 ikatangazwa kufungwa. Kwa wakazi wengi wa Meru, hiyo ndiyo mara pekee waliyokaribiana na puto la kisayansi, na hofu ilitangulia maelezo.

Hata hivyo, maputo hupaa kila siku. Vituo vya hali ya hewa vinavyoyarusha duniani ni mamia kadhaa, navyo hufuata saa moja ya kimataifa ambayo hapa kwetu huangukia saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Nchini Kenya, kituo kinachojulikana zaidi kipo Dagoretti Corner, Nairobi, chini ya Idara ya Hali ya Hewa. Tangu mwaka wa 1996, kwa ushirikiano na Uswisi, maputo mengine ya kituo hicho hubeba kifaa cha kupima ozoni, ile hewa inayotukinga na miale mikali ya jua. Utabiri wa mvua unaomfikia mkulima wa majani chai au kahawa Githongo hutegemea, pamoja na setilaiti, vipimo vya namna hii.

Puto lenyewe ni la mpira mwembamba, si plastiki kama lile la Nthambiro. Hujazwa hidrojeni au heliamu, likaning'inizwa parachuti ndogo na kisanduku chepesi kiitwacho radiosondi, ambacho hutuma kwa redio kiwango cha joto, unyevu na mahali kilipo. Hupaa mita 5 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi wa Gredi ya 7 anaweza kupiga hesabu: kilomita 30 ni mita 30,000, gawanya kwa 5 upate sekunde 6,000, yaani dakika 100. Puto likifika huko hupasuka, na kisanduku kikashuka kwa parachuti.

Kwa nini lipasuke? Huko juu hewa inayolibana puto kutoka nje ni chini ya sehemu mbili kwa mia ya ile ya Githongo. Gesi iliyo ndani hutanuka mara 50 na zaidi, hata baada ya kuhesabu baridi inayoipunguza. Hapa wanafunzi wengi hukosea. Hudhani puto lililokuwa na upana wa mita 2 litafikia mita 100. Lakini gesi hutanuka pande tatu kwa pamoja, na 4 mara 4 mara 4 ni 64. Kwa hiyo upana huongezeka karibu mara nne tu, hadi mita 7 au 8, nao mpira hauwezi kuvumilia zaidi.

Jambo la pili linawahusu hasa watu wanaoishi karibu na ikweta. Kila mtu anayeutazama Mlima Kenya anajua kwamba ukipanda, baridi huongezeka. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 na nusu kwa kila kilomita moja. Katika nchi za karibu na ncha za dunia, kushuka huko hukoma kwenye kilomita 8 au 9. Juu ya Meru huendelea hadi kilomita 16 au 17, ambako baridi hufika nyuzi 80 chini ya sufuri. Kwa maneno mengine, hewa iliyo juu kabisa ya mawingu ya nchi hizi za joto ni baridi kuliko hewa ya kimo hicho hicho juu ya nchi za theluji. Ukivuka hapo joto huanza kupanda tena, kwa kuwa ozoni hunasa miale ya jua.

Afrika Mashariki ina historia yake katika elimu hii. Mwaka wa 1908, mtaalamu kutoka Berlin, Arthur Berson, alileta maputo ya vipimo hadi Ziwa Victoria. Wakati huo iliaminika kwamba upepo wa juu sana penye ikweta huvuma kutoka mashariki tu, kwa sababu majivu ya volkano ya Krakatoa ya mwaka wa 1883 yalielekea magharibi. Maputo ya Berson yalikuta upepo unaovuma kutoka magharibi. Wote walikuwa sahihi. Mnamo 1960 hivi ndipo wataalamu walipotambua kwamba upepo huo hubadilisha mwelekeo na kurudi, na mzunguko mzima huchukua takriban miezi 28.

Wanafunzi katika nchi kadhaa hupeleka majaribio yao kwa njia hii. Marekani kuna kikundi cha JP Aerospace ambacho kimerusha maelfu ya majaribio ya watoto, kila moja likitiwa ndani ya mpira wa tenisi ya meza. Jaribio zuri halihitaji vifaa vya bei. Mbegu za maharagwe zinaweza kugawanywa mafungu mawili, moja lipae na lingine libaki darasani, kisha yote yapandwe siku moja. Bila lile fungu lililobaki hakuna jaribio, kwa sababu hakuna cha kulinganisha.

Githongo, kusema kweli, si mahali rahisi pa kurushia. Upepo wa chini mara nyingi huvuma kutoka mashariki, na upande wa magharibi kuna msitu na mlima wenyewe. Kisanduku kikiangukia huko, kukitafuta ni kazi ya siku nyingi, na kuingia hifadhini kunahitaji ruhusa. Tena hakuna shule inayoruhusiwa kurusha puto la aina hii bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, kwa kuwa ndege za abiria hupita kimo hicho. Hidrojeni hushika moto kwa cheche ndogo, hivyo haifai kuwa mikononi mwa wanafunzi. Heliamu ni salama ila ni ghali.

Lakini shule zilizo mteremkoni zina mnara wa bure. Kipimajoto kimoja kikiwekwa shuleni na kingine katika shule ya juu zaidi, vyote kivulini na kusomwa saa ile ile kila asubuhi kwa muhula mmoja, wanafunzi watajua wenyewe kama ule wastani wa nyuzi 6 na nusu unafuatwa. Kuna asubuhi ambapo bonde litakuwa na baridi kuliko kilima. Mkulima ambaye majani chai yake yamewahi kuungua kwa sakitu bondeni, huku ya jirani aliye juu yakisalimika, atataka kuona daftari hilo.

Mkazi akikuta kisanduku chepesi chenye uzi na mabaki ya mpira shambani, asikichome wala kufungua betri. Akisogeze mbali na watoto na mifugo, asome maandishi yaliyobandikwa, kisha amjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Puto ambalo bado lina gesi lisisogelewe na jiko, sigara wala pikipiki inayonguruma. Kitu kizito cha chuma ni suala jingine: pete ya roketi iliyoanguka Mukuku, Makueni, Desemba 2024 ilikuwa na uzito wa kilo 500 hivi, na cha namna hiyo hakiguswi kabisa hadi maafisa wafike.