Swichi ya Mtandao: Ipi Itafaa?

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni mjini Nyashimo, kando ya barabara ya Mwanza–Musoma. Kompyuta za ofisi na za wageni zimeungwa kwenye swichi moja. Kazi ya swichi ni kujifunza anwani ya kila kompyuta na kuupeleka ujumbe kwenye tundu linalohusika.

Swichi ya kawaida ina bei nafuu, lakini haitenganishi makundi. Mgeni mjanja aweza kujaribu kuingia katika kompyuta ya hesabu. Swichi inayopangika ni ghali zaidi, bali huugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa isiyoingiliana.

Zoezi: Duka lenye kompyuta mbili za mwenyewe tu lahitaji swichi ipi? Toa sababu.