Waya wa Njano na Waya Mwekundu: Istilahi za Kiswahili katika Ufungaji wa Redio za Kisasa za Magari

IKISIRI

Makala haya yanachunguza lugha inayohitajika katika kufunga na kupanga redio ya gari yenye skrini inayoendeshwa na mfumo wa Android. Yakitumia mazingira ya kituo cha Kapsoit, Kaunti ya Kericho, yanaeleza kwanza hatua za kazi yenyewe, kisha yanapima istilahi za Kiswahili zinazoweza kuibeba. Yanatetea kwamba istilahi bora katika uwanja huu ni ile inayomzuia fundi asikosee, hata kama haina urembo wowote.

1.0 Utangulizi

Kapsoit ni kituo cha biashara kilicho kwenye barabara kuu itokayo mjini Kericho kuelekea Kisumu, katika nchi ya majani chai. Lugha ya nyumbani ya wenyeji wengi ni Kipsigis, mojawapo ya lugha za Kikalenjin. Hata hivyo, kituo cha barabarani hakiishi kwa lugha moja. Dereva anayepanda kutoka Kisumu na fundi anayemngojea kando ya barabara hukutana katika Kiswahili. Kwa hiyo, ufundi wa magari ni uwanja mmojawapo ambamo Kiswahili kinafanya kazi ya sayansi kila siku bila kusubiri ruhusa ya kamati yoyote.

Magari mengi ya mitumba yanayoingia Kenya hutoka Japani. Huko, kama hapa, usukani huwa upande wa kulia, na sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Gari hilo huja na redio iliyokusudiwa Wajapani. Menyu zake huandikwa Kijapani, na masafa yake ya FM kwa kawaida huanzia megahezi 76 na kuishia 90, au 95 katika redio za miaka ya karibuni. Nchini Kenya masafa hayo huanzia 87.5 hadi 108. Redio ya Capital FM, kwa mfano, husikika jijini Nairobi kwenye 98.4, redio ya Kijapani haifiki huko. Mtu wa Kapsoit aliyezoea kusikiliza habari kwa Kikalenjin kupitia Kass FM au Chamgei FM, au kwa Kiswahili kupitia Radio Taifa, hujikuta amenunua gari zima lenye redio nusu kiziwi.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kufunga kifaa kidogo cha kushusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 15, stesheni ya 98.4 itaonekana kwenye 83.4, na mwenye gari itambidi akariri hesabu hiyo. Ya pili ni kuing'oa redio na kufunga nyingine, na siku hizi nyingine hiyo mara nyingi ni ya Android. Ni tiba hii ya pili inayozua swali la makala haya: je, Kiswahili kina maneno ya kutosha kumwongoza anayeifanya kazi hiyo?

2.0 Jina la Chombo

Chombo hiki kina redio, ramani, simu, video na kamera ya nyuma ya gari. Kukiita redio ni kutaja kiungo kimoja kwa niaba ya mwili mzima. Mwanaisimu mwenye haraka anaweza kutafsiri jina lake la Kiingereza neno kwa neno na kupata "kizio cha kichwa". Jina hilo halimwambii mtu lolote. Zaidi ya hayo, katika lugha ya usafiri neno kichwa limekwisha kupewa kazi, kwani kichwa cha treni ni injini yake.

Watumiaji wa lugha wamelimaliza suala hili kwa njia nyepesi: wanasema redio, au redio ya skrini wanapotaka kuitofautisha na ile ya zamani. Huu ni upanuzi wa maana, njia iliyozoeleka katika ukuaji wa lugha yoyote. Neno pakua, kwa mfano, lilihusu kutoa chakula chunguni au shehena chomboni kabla ya kuhusu kutoa faili mtandaoni. Makala haya, basi, yatatumia redio ya skrini.

3.0 Hatua za Ufungaji

Istilahi haiwezi kupimwa bila kuijua kazi. Hatua zifuatazo ndizo msingi.

Kwanza, fundi hutenganisha upande hasi wa betri ili nyaya zisigusane na kuunguza fyuzi. Pili, hufungua fremu ya dashibodi taratibu na kuitoa redio ya zamani. Tatu, hulinganisha vipimo. Redio pana ya kawaida huwa na upana wa takriban milimita 180 na kimo cha milimita 100, lakini nafasi ya Toyota nyingi ina upana wa milimita 200. Redio ya milimita 180 ikiwekwa humo huacha pengo kila upande, nalo huhitaji vipande vya kuziba. Nne, huunganisha nyaya. Rangi za nyaya za gari lenyewe hazilingani na zile za redio mpya. Kwa hiyo, ni bora kununua plagi ya kugeuzia inayoingia moja kwa moja katika plagi ya gari kuliko kukata nyaya na kuzifunga kwa tepu. Tano, huweka antena ya ramani juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele na mbali na chuma kinachoifunika, kwa sababu inapaswa kupokea mawimbi kutoka angani. Sita, huwasha na kujaribu kila kitu kabla ya kurudisha fremu. Fundi anayefunga fremu kwanza na kujaribu baadaye hufanya kazi mara mbili.

4.0 Lugha ya Rangi

Uti wa mgongo wa kazi hii ni rangi. Kwa desturi ya watengenezaji wengi, waya wa njano hupokea umeme wa betri wakati wote. Mwekundu hupokea umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweusi huenda kwenye chuma cha bodi. Wa buluu huipa antena umeme. Spika ya mbele kushoto ni nyeupe, ya mbele kulia ni kijivu, ya nyuma kushoto ni kijani, na ya nyuma kulia ni zambarau. Kila waya wa spika una mwenzake wa rangi ileile wenye mstari mweusi, nao ndio upande hasi.

Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua jambo hapa. Katika orodha hiyo, ni rangi tatu tu zenye mashina ya vivumishi yanayopokea viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Kipsigis nacho kina maneno yake ya msingi kwa rangi hizo tatu, yaani tui, lel na birir, kwa hiyo mwanagenzi wa Kapsoit hapati shida nazo. Rangi nyingine nyingi za Kiswahili zimekopwa kutoka kwa vitu: njano kutoka manjano ya mapishi, kijivu kutoka jivu, zambarau kutoka tunda, na kijani kutoka jani, ambalo kwa mtu wa nchi ya chai halihitaji maelezo.

Tatizo halisi linajitokeza katika jozi ya kijani na kijivu. Maneno haya mawili yana silabi tatu kila moja, yanaanza kwa sauti zilezile, na yote yanataja nyaya za spika. Fundi aliyelala chini ya dashibodi, huku lori likinguruma barabarani, akimwambia mwanagenzi wake "nipe kijivu", anaweza kupewa kijani. Redio haitaungua, ila sauti ya mbele kulia itatokea nyuma kushoto, na wakati wa kupanga mizani ya sauti mwenye gari atadhani chombo ni kibovu. Dawa ni ya kimsamiati: kusema rangi ya majani na rangi ya jivu. Maneno yamerefuka, lakini kosa limezuiwa. Hapa kigezo cha ufupi, ambacho wanaistilahi hukithamini, hakina budi kukipisha kigezo cha uwazi.

5.0 Sitiari ya Moto

Kosa la njano na nyekundu lina gharama kubwa zaidi. Nyaya zote mbili hubeba umeme wa volti 12, na mafundi huuita umeme huo moto. Waya "una moto" au "hauna moto". Sitiari hii ni ya maana sana, kwani inataja nguvu na hatari kwa pamoja. Hata hivyo, ina upungufu mmoja: haitofautishi moto wa kudumu na moto wa ufunguo.

Chukulia kwamba mwanagenzi ameambiwa tu "hizi mbili ni za moto", akaziunga zote mbili kwenye umeme wa betri. Redio haitajua kwamba gari limezimwa. Itakesha ikila betri, na asubuhi ya baridi gari halitawaka. Kama gari hilo lilitegemewa kumfikisha mgonjwa hospitalini Kericho alfajiri, ukosefu wa neno umegeuka kuwa ukosefu wa usafiri. Akifanya kinyume, yaani akiziunga zote mbili kwenye umeme wa ufunguo, redio itasahau saa, stesheni na mipangilio mingine kila ufunguo unapotolewa. Makosa yote mawili yanazuilika kwa istilahi mbili: moto wa kudumu na moto wa ufunguo. Hazihitaji mzizi wa Kiarabu wala kitenzi kilichofufuliwa kutoka kamusi ya kale. Zimejengwa kwa sitiari ambayo fundi tayari anaiishi.

Aidha, waya wa njano huwa na fyuzi. Ikikatika, ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile. Kuiziba kwa kipande cha waya ni kumwondoa mlinzi mlangoni, na hapo neno moto huacha kuwa sitiari.

6.0 Lugha ya Skrini

Baada ya nyaya huja mipangilio. Mfumo wa Android una Kiswahili miongoni mwa lugha zake, ingawa kila mtengenezaji wa redio huamua lugha zipi aziache katika chombo chake. Pale Kiswahili kinapopatikana, mtumiaji hukutana na maneno kama mipangilio, sasisha na oanisha.

Neno oanisha linastahili kutazamwa. Limetokana na oana, kauli ya kutendana ya oa, likaongezewa usababishi. Kuoanisha simu na redio ni kuvifanya vitambuane, kwa kawaida mara moja tu. Kuunganisha hutokea kila mwenye simu anapoingia garini. Katika mazungumzo ya gereji, unganisha hutumika kwa yote mawili, pamoja na kazi ya nyaya. Mteja akisema "simu haiungani", fundi hana budi kuuliza maswali matatu. Istilahi ya skrini ina faida hapa, na walimu wangefanya vyema kuieneza.

Hata hivyo, zipo sehemu ambazo tafsiri pekee haitoshi. Katika mipangilio ya redio kuna chaguo la eneo: Ulaya, Amerika, Japani na kadhalika. Kenya mara nyingi haimo. Mtu akichagua Amerika, redio itaruka kwa hatua za megahezi 0.2 na kusimama kwenye desimali witiri tu, kama vile 98.3 na 98.5. Stesheni ya 98.4 itapitwa kana kwamba haipo. Akichagua Japani, atarudi kwenye tatizo alilolilipia pesa kuliondoa. Kwa Kenya, chaguo linalofaa ni Ulaya. Mtumiaji anaweza kuzielewa herufi zote za neno Amerika na bado akapotea, kwa kuwa anachokosa ni maelezo ya matumizi.

Vilevile, kuna waya wa breki ya mkono, ambao kazi yake ni kuzuia video isionekane gari likiwa mwendoni. Baadhi ya wafungaji huuunga moja kwa moja kwenye bodi ili video ionekane wakati wote. Maelezo ya Kiswahili yanapaswa kuuita waya huu kwa kazi yake: waya wa kuzuia video. Jina likitaja kazi, anayeupuuza atajua anapuuza nini.

7.0 Tathmini

Uundaji wa istilahi za Kiswahili umekuwa na miongozo yake, ukiwamo ule wa Tumbo-Masabo na Mwansoko uliotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1992. Mjadala vyuoni, hata hivyo, umeelekea kukaa sana katika jozi kama tarakilishi na kompyuta, au runinga na televisheni. Mifano ya Kapsoit inapendekeza swali tofauti. Badala ya kuuliza neno lipi ni la Kiswahili zaidi, iulizwe: mtu akilitumia neno hili, atakosea wapi?

Swali hilo lina uzito wa kisheria pia. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nayo kikamilifu. Ibara hizi mbili zikisomwa pamoja, ni vigumu kutetea karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza kibovu au Kichina pekee ndani ya boksi linalouzwa Kericho.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili cha gereji kina utajiri wa sitiari na kwamba upungufu wake ni mdogo na unarekebishika. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wanapotafuta mada za tasnifu wafike pia kando ya barabara, wakusanye istilahi za mafundi na kuzipima kwa makosa yanayotokea kazini. Inapendekezwa pia kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni viandae karatasi fupi za maelezo, ukurasa mmoja kwa kila chombo, zipelekwe gerejini zikasahihishwe na wenye kazi kabla ya kuchapishwa. Ajuaye mno ni fundi. Msomi atakuwa amefanya la maana akimsaidia kuliandika analolijua, ili mwanagenzi wa kesho auguse waya wa njano akijua ameshika nini.